Beringi za Magurudumu ya Nyuma: Habari za Gari la Mashindano la Zamani

Toka Korogwe mpaka Handeni ni mwendo wa kilomita 65 hivi. Zamani njia ile ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Siku hizi imetiwa lami, na mtu aliyepanda gari Korogwe alfajiri aweza kupita Sindeni na kufika Chanika kabla jua halijawa kali. Katika mwendo huo gurudumu la motokaa ndogo, ambalo kila likizunguka mara moja husogea kama mita 2, huzunguka mara 32,500. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 11 katika kila sekunde. Na mzigo wote, yaani chuma cha gari lenyewe, na watu waliomo, na magunia ya mahindi, na mikungu ya ndizi iliyoshuka milimani, umekalia vyuma vidogo vya mviringo ambavyo abiria havioni, wala dereva havioni, wala havikumbuki mpaka siku vinapolia. Vyuma hivyo ndivyo viitwavyo beringi.

Mwezi huu twataka kuwaeleza wasomaji wetu kazi moja ya gereji, nayo ni kuondoa beringi zilizokufa katika magurudumu ya nyuma na kutia mpya. Mfano tuliouchagua ni motokaa ya mashindano ya zamani, Datsun 240Z. Huenda baba wa nyumba akauliza: gari la watu wawili, lililotengenezwa zaidi ya miaka 50 iliyopita, lanihusu nini mimi, nisiye na chombo ila pikipiki ya mwanangu? Na asubiri kidogo. Pikipiki hiyo tutaifikia, naye ataona ya kuwa ndani ya gurudumu lake mna ndugu wa beringi zile zile.

Kwanza habari za gari lenyewe. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Watu wa nchi hizi waliyaita Safari. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanja. Gari lilitoka mjini likapita mbuga, mito, makorongo na milima, mchana na usiku, maelfu ya kilomita, na mengi yaliyoondoka hayakurudi kwa magurudumu yao wenyewe. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka. Sisi tungependa wangechagua juma jingine, lakini wenye mashindano waliitaka masika kwa makusudi, ili tope liwajaribu watu na vyombo.

Mwaka 1966 na tena mwaka 1967 alishinda Bert Shankland wa Dar es Salaam pamoja na mwenziwe Chris Rothwell, kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walilijua kama gari la kubebea abiria. Mwaka 1971 ikaja zamu ya Datsun 240Z. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekaa Kenya, alishinda na mwenziwe Hans Schüller, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta katika gari la namna ile ile. Gari hilo la Herrmann limehifadhiwa na kampuni ya Nissan huko Japani. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe, mzaliwa wa Uganda, alishinda akiwa na Lofty Drews. Ushindi ule ulikuwa wa ajabu, maana alama zake na za Harry Källström wa Uswidi zilikuwa sawasawa. Ikaamuliwa kwamba ashinde yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kukatwa alama, naye alikuwa Mehta. Baadaye alishinda tena miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Alifariki mwaka 2006. Tangu mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza, yamefanywa pia mashindano ya magari ya zamani, nayo yamepita Kenya na Tanzania. Kwa hiyo magari haya hayakwenda yote kwenye nyumba za makumbusho. Mengine yangali yakifunguliwa na kufungwa na mafundi, na beringi za nyuma ni miongoni mwa vitu ambavyo fundi wa gari kama hili huvitazama kwanza.

Sasa, beringi ni nini? Mtu aliyesukuma mkokoteni wa mti anajua jibu nusu. Ekseli ya mti ikisuguana na tundu la mti hulia, hupata moto, nayo huliwa siku kwa siku. Mwenye mkokoteni hupaka mafuta, na baada ya muda huchonga nyingine. Mabehewa ya gari la moto ya zamani yalikuwa hivyo hivyo, ila badala ya mti palikuwa na shaba, na juu ya ekseli palikuwa na kisanduku chenye nyuzi zilizolowa mafuta. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902 ilipitisha mizigo ya katani kwa magurudumu ya jinsi hiyo, na mafuta yakikauka kisanduku kiliwaka moshi.

Dawa yake ni kugeuza msuguano kuwa mviringo. Mtu akiburuta gogo huchoka. Akilitilia magongo ya mviringo chini yake, hulisukuma kwa mkono mmoja. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Carmarthen, katika nchi ya Wales, alipewa hati ya kuwa yeye ndiye aliyebuni kutia gololi za chuma katika ekseli za magari ya farasi. Miaka 100 na zaidi ikapita. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko Marekani, alipata hati ya beringi ya vipande virefu vilivyochongoka upande mmoja, kwa kuwa aliona ya kuwa gari likipinda kona mzigo hausukumi chini tu, bali husukuma ubavuni pia. Na mwaka 1907 Sven Wingquist wa Göteborg, Uswidi, aliyekuwa mhandisi katika kiwanda cha nguo, alitengeneza beringi ya gololi inayojirekebisha yenyewe shafti ikikaa upande. Hivyo kitu kinachobeba bodaboda ya Mkata kilifikiriwa na mtu wa farasi na mtu wa nyuzi. Jambo hilo latupendeza sana.

Beringi ya gololi ina ringi mbili za chuma kigumu, moja ndogo ndani ya nyingine. Kati yake mna gololi, na gololi hizo hutenganishwa na ringi nyembamba iliyotobolewa ili zisigongane. Ndani ya kila ringi mna njia laini ambamo gololi hupita. Grisi hukaa humo, na pembeni huwekwa kifuniko cha mpira au cha bati ili vumbi na maji yasiingie. Basi. Hakuna kingine. Lakini njia ile ya gololi imesuguliwa hata imekuwa laini kuliko kioo, na punje moja ya mchanga wa Handeni ikiingia humo huwa kama jiwe ndani ya kiatu cha mtu anayekwenda Morogoro kwa miguu.

Beringi haifi ghafula. Hutoa habari kabla ya kufa, na dereva asiyesikia hana wa kumlaumu. Sauti yake ni mngurumo mzito unaopanda kadiri mwendo unavyozidi, na ambao haupungui hata dereva akiondoa gia na kuacha gari lijiendee. Maana injini ingekuwa mkosaji, sauti ingebadilika. Tairi nalo hunguruma, lakini mngurumo wa tairi hubadilika gari likitoka kwenye lami na kuingia kwenye udongo, na wa beringi haubadiliki. Tena kuna hila ya kujua ni upande gani. Gari likipinda kushoto, uzito huhamia kulia. Basi mngurumo ukizidi wakati wa kupinda kushoto, mtuhumiwa ni beringi ya kulia. Dereva akisimama baada ya mwendo mrefu ambao hakutumia breki sana, na aguse kwa tahadhari kitovu cha kila gurudumu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vyenzake, hapo pana neno.

Kisha gari huinuliwa kwa jeki, na fundi hushika tairi kwa mkono mmoja juu na mmoja chini, akalitikisa. Likicheza, aangalie vizuri ni nini kinachocheza, kwa sababu katika Datsun hii bushi za mikono ya chini nazo huliwa, na wako waliobadili beringi nzima nzima na kuacha bushi zilizokufa. Fundi wa kweli humwita kijana atikise tairi, yeye mwenyewe akalala chini na taa, akatazama.

Sasa kazi. Gari na liwe mahali pagumu na sawasawa, na magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi. Jeki ni ya kuinulia tu; si ya kumlinda mtu aliye chini ya gari. Chini ya gari yawekwe matrela ya chuma ya kusimamishia, wala si matofali, wala mawe yaliyopangwa. Twalisema neno hili kwa nguvu, maana tofali la kuchoma hupasuka bila kuaga, na kijana wa watu hulala pale akiwa ameamini.

Katika Datsun 240Z nguvu ya injini hutoka kwenye difu kwa shafti mbili fupi, moja kwa kila gurudumu la nyuma. Shafti hiyo imefungwa kwa bolti 4 kwenye sahani ya chuma, na sahani hiyo imekamatwa na nati moja kubwa. Fundi hufungua bolti zile, akaiacha shafti ining'inie kwa kamba, isivute. Hapo nati kubwa huonekana. Imekazwa sana, tena ukingo wake umegongwa ukaingia katika mfereji wa shafti ili isijifungue njiani. Kwa hiyo sharti kwanza aunyanyue ukingo ule kwa patasi nyembamba. Breki ya mkono huwa imevutwa, ili gurudumu lisizunguke wakati anapofungua. Nati ikilegea, breki huachiwa, gurudumu na drami ya breki huondolewa, na ekseli fupi huvutwa kutoka nje kwa chombo chenye uzito unaotelezeshwa na kugonga. Hutoka pamoja na beringi ya nje. Beringi ya ndani na sili yake hubaki katika nyumba yake, nazo husukumwa zitoke upande wa ndani. Katikati hutoka bomba fupi la chuma, spesa, ambalo asiyejua hulidharau.

Tukae kidogo kwa spesa hii, maana ndiyo iliyotufanya tulichague gari hili. Ringi za ndani za beringi mbili zimekaa juu ya ekseli, na spesa imesimama kati yake. Nati kubwa inapokazwa, ringi ya kwanza, na spesa, na ringi ya pili, na sahani, vyote hubanwa vikawa kama nguzo moja. Gololi hazibanwi, hubaki huru kuzunguka. Lakini spesa ikiwa fupi kuliko nafasi iliyopo kati ya beringi hizo, hata kwa unene wa unywele, ringi za ndani husogezwa kuelekeana, gololi hubanwa ubavuni, na beringi mpya huungua ndani ya siku chache. Ikiwa ndefu kupita kiasi, ekseli hucheza. Kwa sababu hiyo kiwanda kilitengeneza spesa za urefu mbalimbali, zikaandikwa herufi A, B au C, na herufi ya spesa sharti ilingane na herufi iliyogongwa kwenye nyumba ya beringi. Fundi akichanganya ya kulia na ya kushoto juu ya meza chafu, kazi yote imeharibika, naye hatajua kwa nini. Mkeka safi na kipande cha chaki vyatosha kumwokoa.

Vitu vyote huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Beringi ambayo bado yafikiriwa kuwa nzima isipulizwe kwa hewa ya kompresa ili izunguke kwa kasi, ingawa vijana hupenda sauti yake; gololi kavu huchubuka, tena beringi yaweza kupasuka na kumpiga mtu usoni. Beringi mpya isitolewe katika karatasi yake mpaka saa ya kuitia. Tumeona mara nyingi beringi nzuri ya bei kubwa ikiwekwa juu ya tairi lenye mchanga, na fundi akienda kunywa chai.

Kuna sheria moja ya kutia beringi, nayo ni rahisi hata mtoto wa darasa la nne aweza kuishika: nguvu ipite katika ringi ile inayobana. Beringi ikiingizwa juu ya shafti, ringi ya ndani ndiyo inayobana. Basi isukumwe kwa bomba linalogusa ringi ya ndani peke yake. Ikiingizwa ndani ya nyumba, ringi ya nje ndiyo inayobana. Isukumwe ringi ya nje. Ikibana kote kuwili, kama ile ya ndani ya gari hili, itumike sahani inayogusa ringi zote mbili kwa pamoja. Mtu akigonga ringi isiyobana, nguvu ya nyundo hupita katika gololi, na kila gololi huacha kishimo katika njia laini. Kishimo hicho hakionekani kwa macho, lakini beringi imekufa kabla ya kuzaliwa. Mwenye gari atalalamika baada ya wiki mbili kwamba beringi ilikuwa mbovu, kumbe beringi ilikuwa njema. Nyundo ndiyo iliyokuwa mbovu. Fundi mwenye busara hupasha beringi moto katika mafuta, chini kidogo ya joto la maji yanayochemka, nayo hutanuka na kuteleza juu ya shafti bila ugomvi. Mwingine huiweka ekseli usiku mzima katika friji ya barafu, nayo husinyaa. Njia zote mbili ni bora kuliko nyundo.

Upande wa beringi wenye kifuniko uelekee nje: wa beringi moja kwenye gurudumu, wa nyingine kwenye difu. Grisi itiwe kati ya gololi mpaka ipenye, lakini nafasi ya katikati isijazwe yote. Wengi wadhani grisi nyingi ni wema mwingi. Sivyo, ikijaa kabisa hukorogwa tu, ikapata moto, ikayeyuka na kupita sili, ikaingia katika breki, na gari likakosa breki upande mmoja. Sili nayo iwe mpya. Bei yake ni ndogo, na kuirudisha ya zamani ni kujinyima chumvi katika pishi la harusi.

Mwisho nati, nayo iwe mpya, kwa kuwa ile ya kwanza ukingo wake umekwisha kukunjwa. Kitabu cha kiwanda chasema ikazwe kwa nguvu ya kilo 25 mpaka 33 kwa mita. Maana yake ni hii: mtu akiwa na spana yenye mkono wa mita 1, aning'inize mwishoni uzito wa nusu mfuko wa sementi, au zaidi kidogo. Iko spana yenye kipimo chake, na gereji yenye kazi za namna hii haina udhuru wa kuikosa. Kisha ukingo wa nati hugongwa uingie mferejini.

Lakini tahadhari! Nguvu hiyo ni ya beringi za gololi zenye spesa. Magari mengine, kama Land Rover za zamani zilizojaa katika misheni zetu, yana beringi za namna ya Timken nyuma, nazo hazikazwi hivyo kabisa. Hizo hukazwa kidogo huku gurudumu likizungushwa, kisha hulegezwa mpaka pabaki nafasi ya kama unene wa karatasi, na nati ya pili hufunga ya kwanza. Fundi aliyejifunza kwa Datsun akaikaza Land Rover vile vile, ataichoma beringi kabla ya kufika Kabuku.

Sasa tuirudie pikipiki tuliyoiahidi. Gurudumu la nyuma la bodaboda lina beringi mbili za gololi katika kitovu, na kati yake mna spesa ya bomba, kama Datsun ya Mehta. Tena mara nyingi mna beringi ya tatu upande wa sproketi ya mnyororo. Katika vichochoro vya gereji spesa hiyo hupotea mara kwa mara. Huanguka mchangani, au hutolewa na kusahauliwa, gurudumu hufungwa bila hiyo, nalo huzunguka vizuri pale pale gereji. Nati ya ekseli ikikazwa sawasawa, ringi za ndani hubanwa, na beringi hufa. Asipoikaza sawasawa ili zisibanwe, gurudumu hucheza. Hakuna njia ya tatu. Beringi ikifa kabisa gololi husagika, ringi ya ndani hukamatana na ekseli, na gurudumu huenda upande au hugoma ghafula. Haya hayatokei pikipiki ikiwa imeegeshwa chini ya mwembe. Hutokea katika mteremko, mara nyingi na mtu nyuma, na mtu huyo aweza kuwa mama mjamzito anayepelekwa Kwamkono au Magunga usiku, maana katika vijiji vingi hakuna gari jingine la kumpeleka.

Mambo mawili zaidi huua beringi za bodaboda mapema. La kwanza ni mnyororo uliokazwa mno. La pili ni mashine ya kuoshea yenye maji ya nguvu: kijana hulenga maji kwenye kitovu ili king'ae, na maji hupita kifuniko na kuitoa grisi. Kitambaa na ndoo hufanya kazi hiyo pasipo hasara.

Mazungumzo kati ya mwenye chombo na fundi mara nyingi huwa kama haya.

"Shikamoo, mama mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pikipiki ya mdogo wako yalia nyuma."

"Nimeisikia ulipokuwa waingia. Tutaipiga grisi tu, mama, itanyamaza."

"Itanyamaza kwa siku ngapi?"

"Wiki mbili. Tatu, ikiwa hapana mvua."

"Na siku itakapoacha kunyamaza, nani atakuwa amepanda nyuma?"

Fundi hutazama chini, akapangusa mikono yake kwa tambara.

"Basi tia mpya, mwanangu. Na ile kuukuu unipe mkononi."

Mama huyu amesema neno la maana, na twapenda nyumba zetu zote zilijue. Kuomba kitu kuukuu si kumtukana fundi. Ni desturi njema ya biashara: mwenye chombo huona alichokilipia, na fundi mwaminifu hupata ushahidi wa kazi yake. Asiye mwaminifu hutoza bei ya beringi tatu akatia moja, au huosha ile ya zamani na kuirudisha iking'aa. Mtume Paulo alikuwa fundi wa kushona hema, na twaamini ya kuwa mshono wake haukufumuka mvua ya kwanza iliponyesha.

Katika kununua pia kuna mtego. Beringi za bandia zimeingia madukani, zikiwa na jina la kampuni zenye sifa. Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia katika nchi yetu, lakini haiwezi kusimama katika kila duka la Korogwe. Mnunuzi na atazame mwenyewe. Maandishi ya kweli yamechorwa katika chuma wala hayafutiki kwa kidole. Karatasi yake haina makosa ya herufi. Ikizungushwa polepole haikwami wala haikwaruzi. Na bei ikiwa robo ya ile ya maduka mengine, amejibiwa kabla ya kuuliza.

Namba iliyoandikwa juu ya beringi ina habari nyingi, na hapa twasema na walimu wa hesabu. Chukueni 6204. Tarakimu 6 yasema ni beringi ya mstari mmoja wa gololi. Tarakimu 2 yaonyesha kadiri ya unene na upana wake. Ingekuwa 3, ingekuwa nene zaidi kwa tundu lile lile. Tarakimu mbili za mwisho zizidishwe kwa 5, na jibu ni upana wa tundu kwa milimita: 4 mara 5 ni 20. Kwa hiyo 6207 ina tundu la milimita 35, na 6305 ina tundu la 25. Sheria hii yaanzia 04. Chini ya hapo kuna nne za kukariri: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, na 03 ni 17. Herufi zinazofuata nazo zina maana: 2RS ni vifuniko viwili vya mpira, ZZ ni vifuniko viwili vya bati, na C3 ni beringi iliyoachiwa nafasi kubwa kidogo ndani, kwa ajili ya mahali penye joto.

Gereji za Chanika na za Korogwe hutupa beringi zilizokufa kila juma, na fundi akiombwa kwa adabu hatakataa kutoa moja. Ioshwe kwa mafuta ya taa. Watoto wasome namba yake, wapime tundu kwa rula, waone kama hesabu imekubali. Kisha mwalimu aizungushe polepole karibu na sikio la kila mmoja, pamoja na nzima kama imepatikana, ili wajue kutofautisha sauti ya chuma kinachokwenda na sauti ya chuma kinacholiwa. Wengi wao watapanda nyuma ya pikipiki siku hiyo hiyo kurudi nyumbani.